Haki ya Ndugu Zetu wa Mto Tana

Sifa njema zote zamthubutikia Mwenyezi Mungu, aliyekijaalia kila kilicho hai kitokane na maji. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Malindi, Lamu na miji yote ya pwani! Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za watu walio jirani zetu kwa masafa, lakini watu wa mjini hawawakumbuki ila yatokeapo mafuriko au mauaji. Nao ni Wapokomo, watu wa Mto Tana. Wako miongoni mwa wasomaji wetu wawezao kukutajia miji ya Palestina mmoja baada ya mmoja (na kuijali Palestina ni wajibu, hatulaumu hilo), wala hawawezi kukutajia vijiji vitatu vya Tana. Na kutoka Malindi mpaka Garsen si mwendo hata wa siku moja kwa gari.

Mto huu ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, urefu wake wapata kilomita 1,000. Huanza katika milima ya bara, ukapita nchi kavu yenye miiba, ukaingia baharini Kipini. Kuanzia upande wa Garissa mpaka mdomoni mwa mto, Wapokomo wamejenga vijiji vyao juu ya kingo zilizoinuka, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 walipatikana zaidi ya 112,000. Maisha yao yote yamefungamana na mto. Desturi yao ya zamani ni kuikata ardhi kwa vipande virefu vitokavyo ukingoni kwenda nyikani, ili kila ukoo upate fungu lake la udongo wa kila namna: wa mtoni, wa bondeni na wa juu. Mto ukifura na kuimwaga tope yake mashambani, wao husubiri. Maji yakirudi, hupanda katika tope ile mahindi, pojo, ndizi, na mpunga huko chini penye mabonde mapana. Huvuka kwa mitumbwi ya kuchonga, huvua kambare na kamongo, na hupakana na mamba na viboko. Mtu wa mjini afunguaye bomba jikoni mwake hatamjua vyema mama wa Kipokomo atekaye maji hali jicho lake moja li ndooni na la pili li kwa mamba.

Wala wasidhaniwe kuwa ni watu wa lugha ngeni. Kipokomo na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, pamoja na lugha za Wamijikenda na ya Wangazija. Tena wimbo wa taifa tuusimamao kwa heshima tangu mwaka 1963, sauti yake imetokana na wimbo wa mama wa Kipokomo ambembelezaye mtoto. Nchi nzima yaimba kwa sauti yao, na wao wenyewe ni nani wawajuao?

Sasa tuje katika dini. Wapokomo wa upande wa juu, wengi wao kabisa ni Waislamu. Wa upande wa chini, wengi ni Wakristo, ingawa viko huko chini pia vijiji vya Waislamu, kama vile Ozi. Uislamu haukupanda mto ule kwa upanga wala kwa amri ya serikali. Ulienea mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mikono ya wafanyi biashara na walimu, watu wasiokuwa na majina makubwa, waliokaa na wenyeji, wakala chakula chao na kuwasomesha watoto wao. Majina yao hayakuandikwa katika vitabu vyetu, na thawabu zao haziko kwetu kuzihesabu.

Na upande wa chini je? Huko wamisionari wa Kimethodisti walijenga Golbanti, na mwaka 1886 Wamasai wakawavamia, wakamuua padre na mkewe. Je, walikimbia wengine? La. Mwaka uliofuata, 1887, Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakafungua kituo Ngao, na katika miaka ya 1890 walikwisha kuifasiri Injili ya Marko kwa Kipokomo na kuipiga chapa. Hatuyataji haya kwa kuisifu dini yao. Sisi itikadi yetu yajulikana. Twayataja kwa kuwa mwenye akili hujifunza subira hata kwa asiyekubaliana naye. Watu wale walitoka ng'ambo ya bahari, wakaugua homa ya mbu na kuzikwa kando ya mto, wakajifunza lugha isiyo na nasaba na lugha yao. Ama sisi, lugha ni ndugu ya yetu, na njia ni ya lami.

Atasema msemaji: "Mbona twakwenda? Kila mwaka yako magari yaendayo kwa daawa." Ni kweli, nasi twawaombea wenye nia safi walipwe mema. Lakini itazameni daawa ya namna hiyo. Magari manne au matano huingia kijijini saa nne asubuhi, kipaza sauti hufungwa mtini, sheikh mgeni huwaambia wenyeji kuwa udhu wao una kasoro, biriani hupikwa, picha hupigwa, na magharibi haijaingia ila vumbi la magari limekwisha kutua. Mtoto aliyepewa juzuu siku ile, nani atakayemsikiliza kesho aisomapo alifu na bee? Mama aliyeambiwa kuwa twahara yake si sahihi, ataurudia kwa nani mwaka mzima?

Mtume wetu (S.A.W.) hakuifundisha Madina kwa njia hiyo. Kabla ya Hijra alimpeleka Mus'ab bin Umair akakae huko. Mus'ab alikuwa kijana wa nyumba ya neema Makka, mvaa nguo laini na mtia manukato. Akafikia kwa As'ad bin Zurara, akakaa, akasomesha nyumba kwa nyumba, mpaka haikubaki nyumba nyingi za Madina ila Uislamu umeingia ndani. Huyo ndiye ahitajiwaye mtoni: mwalimu akaaye. Amjue mgonjwa na aliyefiwa, ajue msimu wa kupanda na msimu wa kuvuna ili asifungue chuo siku watoto wako shambani kuwafukuza ndege na nyani. Na alipwe. Mwalimu wa chuo asiyelipwa huwa mzigo kwa maskini walewale aliokwenda kuwasaidia, na mwisho hugeuka mwandika hirizi ili apate kula.

Na hapa lipo neno ambalo wasomaji wengine hawatalipenda. Husemwa mjini kuwa Wapokomo wamechanganya dini na uganga, na kwamba wangali wana ngoma zao na mizimu. Yako hayo, nasi hatuyafichi. Shirki ni shirki mtoni na mjini. Lakini yule anayezivaa hirizi mtoni, maandishi ya Kiarabu yaliyomo ndani yake ameandikiwa na nani? Nani aliyewafunza watu kuwa aya za Mola ni za kuoshwa kombe na kufungwa mkononi, kabla ya kuwafunza maana yake? Mwenye kutaka kuusafisha mto na aanze kuutazama upande wa chemchemi.

Wapokomo walikuwa na ngoma kuu iitwayo ngadji, iliyokuwa alama ya utawala wao na umoja wao. Wakoloni wa Kiingereza wakaichukua, na tangu mwaka 1908 iko London katika makumbusho ya British Museum. Sisi hatuamini kuwa katika ngoma mna baraka wala madhara. Lakini mali ya watu ichukuliwayo bila ridhaa yao ni mali ya dhuluma, awe mwenyewe ni Mwislamu au si Mwislamu, na kiwe kitu chenyewe twakipenda au hatukipendi. Wadaipo wazee wa Kipokomo ngoma yao, wanadai haki.

Katika Sura ya Abasa Mwenyezi Mungu alimuonya Mtume wake mpenzi, alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi kwa tamaa ya kusilimu kwao, akaja Ibn Umm Maktum, kipofu, akiuliza mambo ya dini yake, naye akakunja uso. Ikiwa Mtume, aliyekusudia kheri tupu, aliambiwa hayo kwa sababu ya kipofu mmoja asiyeweza hata kuuona uso uliokunjwa, wataambiwaje wale wanaowaona Wapokomo kwa macho yao sokoni Malindi wakiuza maembe na ndizi, wakawaita kwa majina ya dharau?

Lakini hitaji lililo kubwa kuliko haya yote ni amani, nalo latutia uchungu kulieleza.

Mnajua kuwa nyuma ya mashamba ya Wapokomo wako wafugaji, Waorma na wengineo, nao pia ni Waislamu. Wakati wa ukame malisho ya nyikani hukauka, na ng'ombe hawana pa kunywa ila mtoni. Ziko njia za tangu zamani za mifugo kushukia majini, ziitwazo malka. Mashamba yakiongezeka, malka huzibwa. Ng'ombe wakikosa malka, hupita shambani. Mkulima aamka asubuhi auona mpunga wa miezi minne umekuwa matope. Mfugaji auona ndama wake amekatwa panga. Ugomvi huu ni wa zamani, na ulimwaga damu mwaka 2001. Kisha ukaja mwaka 2012. Tarehe 22 Agosti, katika siku za mwanzo za Shawwal, Iddi haijapoa, kilishambuliwa kijiji cha wafugaji cha Riketa wakauawa watu wapatao 50, wengi wao wanawake na watoto. Septemba kikashambuliwa kijiji cha wakulima cha Chamwanamuma; kisha Kilelengwani, ambako na polisi waliuawa; na Desemba ikawa zamu ya Kipao. Waliokufa katika miezi ile walipita 100. Wengi katika waliouawa, na katika waliowaua, walikuwa wamefunga mwezi mmoja na kuelekea kibla kimoja.

Siku zile walisikika watu mjini wakisema, "Hao ni ugomvi wao wa ng'ombe." Subhanallah! Katika Sura ya Al-Hujurat Mola wetu ameamrisha kuwa makundi mawili ya waumini yakipigana, wengine wayapatanishe kwa uadilifu. Amri hiyo haikuelekezwa kwa wapiganao peke yao. Imeelekezwa kwa wasiopigana, yaani kwetu. Na upatanishi kwa uadilifu si kuomba dua ya pamoja na kupeana mikono mbele ya wakubwa wa serikali. Uadilifu ni kuingia katika jambo lenyewe: shamba na mnyama.

Nanyi mwajua kwamba jambo hilihili la shamba na mnyama limo katika Qur'ani? Limo katika Sura ya Al-Anbiyaa, katika habari za Nabii Daud na mwanawe Suleiman, walipohukumu juu ya shamba lililoingiwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri wametueleza kuwa Daud alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba, kwa kuwa thamani yao ilikuwa sawa na hasara yake. Suleiman, naye kijana, akaiona njia nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda, anywe maziwa yao na kutumia sufi yao, na mwenye kondoo alishike shamba, alilime na kulihudumia mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe mali yake. Na Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa hukumu ya Suleiman ndiyo aliyofahamishwa Yeye, bila ya kumvunjia Daud heshima yake.

Ifikirini hukumu hii, ndugu zetu. Hakuna aliyefilisiwa. Mkulima amekula maziwa ya yule aliyemdhuru, na mfugaji amekishika kiwembe cha palizi mpaka mgongo ukamuuma, akajua tope ile ina jasho la nani. Lau wangalihukumiana hivi watu wa Tana kila ng'ombe aingiapo shambani, mambo yasingefika kwenye mikuki. Na Mtume wetu (S.A.W.) ameongeza uwazi katika kisa cha ngamia wa Al-Baraa bin Azib aliyeharibu bustani ya watu: akahukumu kuwa wenye mashamba wayalinde mchana, na wenye wanyama ndio walipao kilichoharibiwa na wanyama wao usiku. Hii ni sheria ya kutekelezeka hata leo. Mkulima na amweke mlinzi mchana. Mfugaji na alifunge zizi usiku. Na malka zipimwe, ziwekwe alama, zisilimwe wala zisiuzwe. Tena amesema Mtume kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto, basi hana haki mkulima kumzuilia mnyama mwenye kiu njia ya mtoni, wala hana haki mfugaji kuifanya kiu ya mnyama wake ni ruhusa ya kula kazi ya mwenzake.

Wazee wako. Wapokomo wana baraza lao la Gasa, na Waorma wana wazee wao wa Matadeda, na mara nyingi wao ndio waliouzima moto kabla haujawaka. Wanachopungukiwa ni wanavyuoni wa kukaa nao na kuwasomea hukumu hizi, ili mzee akitoa shauri lake asionekane amelipendelea kabila lake. Huko ndiko wanapohitajiwa masheikh wetu, kuliko kuendelea kubishana juu ya mambo ambayo maimamu waliyamaliza miaka elfu iliyopita.

Liko na jambo la maji yenyewe. Huko juu serikali imejenga mabwawa ya umeme, moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Manufaa yake ni makubwa, nayo yamefika mpaka kwetu. Kutoka Kiambere waya wa umeme umevutwa hadi Rabai, na huenda taa uisomeayo makala hii yawaka kwa nguvu ya maji ya Tana. Lakini bwawa huyashika maji na tope yake. Yale mafuriko ya kadiri, yaliyokuwa mbolea ya Mpokomo, yamepungua. Na yale makubwa yavunjayo nyumba hayakuzuilika, kama walivyoyaona mwaka 1997, na 2018, na 2023, na 2024. Hola nako, mwaka 1989 mto ulihama njia yake, mashamba ya kumwagiliwa yakabaki makavu miaka mingi.

Zubair, mwana wa shangazi yake Mtume, aligombana na mtu wa Kiansari juu ya mfereji wa maji, na shamba la Zubair lilikuwa juu. Mtume akamwambia Zubair anyweshe kidogo, kisha amwachie jirani yake. Yule Muansari akakasirika na kudai kuwa ni upendeleo wa ujamaa. Ndipo Mtume akampa Zubair haki yake kamili: ayashike maji mpaka yafike kwenye tuta la shamba, kisha ayaachilie. Wanavyuoni wakatoa humo kanuni mbili: aliye juu ana haki ya kuanza, na haki hiyo ina mpaka. Hatusemi mabwawa yabomolewe. Twasema kuwa alimaye chini ana haki ya kuulizwa kabla ya kujengwa bwawa jingine, na kuambiwa mapema milango ifunguliwapo, na kusaidiwa kuhama kabla maji hayajamfika kifuani. Waheshimiwa tuwachaguao pwani na waulizwe haya. Wao hutukumbuka wakati wa kura, nasi tuwakumbushe wakati wa mvua.

Imebaki habari ya mali. Atasema mtu: "Mimi hutoa zaka, lakini madhehebu yetu ya Imamu Shafi hayaruhusu kuihamisha zaka kutoka mji mmoja hadi mwingine." Kauli hii ndiyo mashuhuri katika madhehebu, nasi twaiheshimu. Lakini wako wanavyuoni wa Kishafi, kama Ibn Ujail wa Yaman, waliotoa fatwa ya kujuzu kuihamisha, na masheikh wa Hadhramaut wameinakili fatwa yake katika vitabu vyao bila ya kuitupa. Isitoshe, sadaka haina mpaka huo kwa kauli ya wote, wala wakfu. Mtu aweza kuweka duka lake moja Mombasa liwe wakfu, kodi yake imlipe mwalimu mmoja mtoni mpaka Siku ya Kiyama. Na Wapokomo nao si wa kupokea tu. Mwenye mavuno yaliyofikia nisabu naye atoa zaka yake: sehemu ya kumi kwa kilichonyweshwa na mto wenyewe, na nusu ya hiyo kwa kilichonyweshwa kwa gharama ya mashine. Mwalimu akaaye ndiye atakayewahesabia. Mgeni wa siku moja hatakuwako wakati wa kuvuna.

Basi wenye elimu walio tayari kukaa mtoni mwaka mmoja, na wawaeleze maimamu wa misikiti yao, na wenye mali waulizane baada ya sala ya Ijumaa nani atamlipa nani. Safari na iwe mwezi wa Agosti au Februari, maji yanapokuwa chini na njia za udongo zapitika; Aprili na Novemba vijiji vingi hufikiwa kwa mtumbwi tu. Achukue mwalimu majuzuu, chandarua, dawa ya homa, na vitabu vya hesabu na vya kusoma pia, kwa kuwa watoto wale watafanya mitihani ileile wafanyayo wetu. Afikapo, asianze kwa kuhutubu. Awaulize wazee mtumbwi wa kumvusha uko wapi, na zamu ya kuyalinda mashamba na ndege ni ya nani, naye aombe yake.

Wabillahi taufiki.